Nyumba Iliyorukwa

Bi Mwatumu alimimina maji kwenye kata. Akayatazama kwanza, ndipo akatawadha. Maji yake siku hizi yalikuwa ya kupima.

Mumewe, mzee Msafiri, alipokuwa hai, ndiye aliyeleta madumu kwa baiskeli kutoka kisimani. Sasa Msafiri yuko kaburini, Mungu amrehemu. Bi Mwatumu yuko eda. Hatoki, wala hapokei wanaume wasio maharimu zake. Nyumba yake ni ya mwisho kijijini Moa, upande wa mikokoni. Ukiipita hiyo hukuti mtu tena, ni matope na kaa tu. Mchana kutwa husikia sauti yake mwenyewe ikileta uradi.

Jirani yake wa pekee, Zuleha, aliingia na dumu kichwani.

"Shoga, nimekuletea maji na maneno."

"Anza na maji," Bi Mwatumu akasema.

Zuleha akacheka, akatua dumu. "Haya, na maneno ndiyo haya. Watafiti wa maji wamesoma majibu yao. Eti wastani wa kwenda kisimani na kurudi ni dakika kumi. Bomba litawekwa kule juu, barabarani."

"Dakika kumi? Na goti langu hili?"

"Ndio wastani, wamesema."

"Huyo wastani anakaa nyumba gani, nami nihamie?"

Walicheka wote wawili. Kisha Zuleha akainama. "Shoga, wiki ijayo naenda Tanga. Mwanangu atajifungua."

"Alhamdulillahi," Bi Mwatumu akajibu. Lakini akalitazama dumu. Zuleha akiondoka, nani atamtekea maji?

"Kwani watafiti kwako hawakuja kuuliza?" Zuleha akauliza.

"Alikuja kijana wao mmoja, Mudathir. Akapiga hodi. Mimi niko eda, peke yangu ndani, nimjibu vipi? Nikanyamaza. Akaenda zake."

Zuleha hakukaa. Alikwenda kumtafuta Mastura, mkuu wa watafiti wale. Alasiri Mastura akaja pamoja naye. Mudathir alibaki nje ya ua.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nishapoa. Karibu mkekani."

Bi Mwatumu alikuwa akichambua kunde kwenye ungo. Mastura akaketi, akamsaidia.

"Mama, nyumba yako ilitoka kwenye kura. Hatuwezi kuuliza nyumba zote. Basi tuliandika nyumba zote kwenye vikaratasi, tukachanganya, tukaokota baadhi. Zilizookotwa zinasema kwa niaba ya zote. Hiyo inaitwa sampuli."

"Kwa nini kura? Si mngeingia popote?"

"Ukinunua gunia la dagaa, unatazama za juu tu?"

"Hata! Muuzaji huweka nzuri juu. Natia mkono mpaka chini."

"Ndiyo kazi ya kura. Inatia mkono mpaka chini." Mastura akapaza sauti. "Mudathir! Ulipokosa jibu hapa ulifanyaje?"

"Nilijua mama yuko eda, dada," Mudathir akajibu kutoka nje. "Nikaona adabu ni kupita. Nikaingia nyumba ya barabarani, wamo watu tele."

"Na nyumba nyingine ulizokosa jibu?"

"Nazo vilevile."

"Umetazama dagaa za juu, baba!" Zuleha akamtupia.

Mastura akashusha pumzi. "Adabu yako ni njema, Mudathir. Ila ungekuja kuniambia, nikaleta mwanamke. Sasa tumewaruka walio peke yao. Tumehesabu wenye watu."

Akachota kunde, akapanga mafungu matano mkekani. Mawili ya punje moja moja. Mawili ya punje mbili mbili. La mwisho punje kumi na nne.

"Tuseme hizi ni nyumba tano. Kila punje ni dakika tano za njiani. Hili kubwa ni lako. Sasa zikusanye zote, ugawe sawa kwa sawa."

Bi Mwatumu akagawa. Kila fungu likapata punje nne.

"Punje nne ni dakika ishirini," Mastura akasema. "Huo ndio wastani."

Bi Mwatumu alitazama sana. "Rundo langu limekwenda kwa wenzangu. Lakini goti langu halikwenda."

"Hapo hapo, mama. Hakuna hata mmoja anayetembea dakika ishirini." Akayarudisha mafungu kama yalivyokuwa, kutoka dogo hadi kubwa. "Tazama la katikati."

"Punje mbili. Dakika kumi."

"Hiyo ni namba ya katikati. Inaonyesha nyumba ya kawaida. Nayo pia haikuoni wewe. Kwa hiyo mtu akikusomea wastani, muulize na ya katikati. Tena muulize ndogo kabisa ni ipi, na kubwa kabisa ni ipi. Na muulize: nani hakuulizwa?"

"Basi niulize mimi," Bi Mwatumu akasema.

Mastura akamuuliza yote. Siku zilizofuata wanawake aliowatuma walizirudia nyumba zote zilizorukwa.

Zuleha alisafiri. Wanawake wale walileta maji walipokumbuka. Siku nyingine hayakuja. Bi Mwatumu alitayamamu kwa mchanga, akasali, akangoja.

Majibu yaliposomwa tena mbele ya kijiji, wastani ulikuwa umepanda. Safari ndefu kuliko zote nayo ikatajwa: zaidi ya saa nzima. Watu wakaguna. Wa barabarani wenyewe wakasema kisima wanacho karibu. Bomba likaletwa upande wa mikokoni.

Eda ilipokwisha, Bi Mwatumu alioga, akavaa kanga mpya, akatoka na ndoo ndogo. Bombani palikuwa na wanawake wengi. Walikuwa wakizozana, wakitaniana, wakiulizana habari za watoto.

"Bi Mwatumu! Njoo mbele, mama, uteke wewe kwanza!"

"Hapana, mwanangu," akasema, akaiweka ndoo yake nyuma ya ndoo zote. "Tangulieni. Mimi sina haraka."