Chumba cha Daraja la Tatu

Treni ya saa moja asubuhi ilikuwa ndiyo kwanza imewamwaga abiria wake, na msanifu majengo alikuwa amepiga goti katikati ya ukumbi wa stesheni, sketi yake ya bluu imejaa vumbi. Ncha moja ya tepu ya kupimia aliikanyaga kwa kiatu. Ya pili haikuwa na wa kuishika. Watu walimruka kama dimbwi.

“Kaka, nishikie hapo kwenye nguzo,” alimwambia mwanamume mmoja mwenye shati jeupe la sare, lililopigwa pasi likanyooka.

“Nikishika napata nini?”

Aliijua sauti ile kabla hajautazama uso. Ndiyo iliyotangaza treni kila siku. “Kumbe wewe ndiye wa kwenye spika.”

“Ndiye. Maelfu wananisikia, hakuna anayenisalimia.”

“Basi shikamoo, Spika.”

“Marahaba, Bi Tepu. Ila usinizeeshe.”

Msanifu alikuwa ametumwa kuipima stesheni kabla haijakarabatiwa. Wiki tatu mfululizo, kila mchana, mtangazaji alimtembeza. Mbele kulikuwa na matao ya mawe, sakafu ya marumaru na nguzo za chuma ambazo wakoloni walizileta kwa meli ili wakishuka wajione wako kwao. Nyuma kulikuwa na chumba kirefu cha mabati kisicho na dirisha hata moja. Humo ndimo walimosubiri wenyeji, abiria wa daraja la tatu.

“Babu yangu alibeba mizigo hapa miaka ishirini na miwili,” alisema mtangazaji. “Ule mlango wa mbele hakuwahi kuupita.”

Kwenye mabenchi, waliosubiri walikuwa wamechonga majina yao kwa visu na misumari. Mtangazaji alipitisha kidole juu ya majina hayo polepole. “Wengine hawakuandikwa popote ila hapa.”

“Nitaandika kwenye ripoti yangu chumba hiki kibaki,” msanifu akaahidi.

Kila mmoja aliishi peke yake, na jioni simu ndiyo ilikuwa mwenzao.

“Umekula, mpenzi?”

“Mkate mkavu.”

“Hicho si chakula, ni adhabu.”

“Basi nitangazie kitu nishushie.”

“Abiria mmoja anayependwa sana anaombwa afike jukwaa namba mbili kesho mchana. Aje na njaa.”

Kisha ripoti ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Upande wa mbele utakarabatiwa. Banda la nyuma litabomolewa. Chini kabisa, sahihi ya msanifu. Mtangazaji aliisoma mara mbili. Jioni simu yake ililia mara nne asipokee. Ya tano akapokea.

“Ulinidanganya.”

“Kukudanganya nini? Nisikilize, mpenzi…”

“Sahihi kwenye ripoti ni yako au si yako?”

“Ni yangu, lakini…”

Akakata.

Msanifu alikuwa amesaini ukurasa wa mwisho tu. Kurasa zilizokitetea chumba, bosi wake alizichomoa baadaye bila kumwambia, akaweka zake za kukibomoa. Alipofika stesheni na nakala yake kamili, sauti nyingine ilikuwa ikitangaza treni. Mtangazaji alikuwa ameomba uhamisho, akabadilisha na namba ya simu. Chumba kilibomolewa kwa siku mbili.

Miezi mitano msanifu alikula mbele ya simu isiyolia. Hatimaye karani wa tiketi alimhurumia, akamtajia kituo kimoja kidogo, mwendo wa saa sita kwa treni.

Alimkuta akifagia jukwaa. Mtangazaji aliketi akazisoma zile kurasa alizomletea.

“Bosi wako alizitoa?”

“Alizitoa. Ungeniuliza ningekwambia.”

“Niliuliza.”

“Uliuliza habari ya sahihi tu.”

Mtangazaji alizikunja zile kurasa. “Nisamehe.”

“Nilikusamehe zamani. Ndiyo maana imeniuma hivi.”

“Basi tuoane. Nitarudi mjini.”

Msanifu alitazama reli, akatazama nyumba ya mtangazaji ya chumba kimoja, shati moja limeanikwa kambani. “Nimeacha kazi kwa yule bosi. Nimepata nyingine, nje ya nchi, miaka mitatu. Naondoka Jumatatu.”

“Ungenipigia kabla hujakubali.”

“Kwa namba gani?”

Treni ya kurudi ikaingia na kusimama. Msanifu alimshika shavu, akapanda, akaketi dirishani. Kituo kile kilikuwa na mfanyakazi mmoja tu, na bila bendera yake ya kijani treni haiondoki. Mtangazaji alisimama ameishika chini, imekunjwa. Dereva akapiga honi. Akapiga tena.

“Inyanyue, mpenzi,” msanifu alisema. “Watu wana safari zao.”

Akainyanyua.