Tokeo la Kwanza

"Njiwa ametoka kiotani. Mrudishe."

Mkuu wa idara ya ujasusi akakata simu. Jasusi Makokha akaitupa Nokia kitini, akakanyaga mafuta. Land Rover ikaruka mawe yaliyopangwa barabarani. Januari 2008. Naivasha ilifuka moshi wa ghasia za uchaguzi, na maduka ya dawa yalikuwa yamefungwa.

Njiwa alikuwa Hemali, mwanamke aliyeongoza ndege ndogo kwa redio huko Mau Narok. Aliona masanduku ya bunduki yakishushwa. Shahidi pekee. Idara ilimficha hapa mjini na bintiye Mansi, ikamnyang'anya simu asifuatwe.

Sasa Mansi alikuwa kitandani akihema kwa taabu. Insulini yake ya kisukari imeisha. Mama ametoka kuitafuta.

Simu ikalia. Alikuwa Sandeep, fundi wa kompyuta wa idara, akiwa Nakuru.

"Boss, nimejua alikoenda. Aliingia saiba ya intaneti, akatafuta kwenye ule mtandao wake wa kutafutia. Ule unakumbuka kila kitu umewahi kutafuta. Mkulima akiandika 'dawa', anapewa dawa ya viazi. Hemali akiandika 'dawa', anapewa insulini. Umemsoma wiki nyingi."

"Na Voss?"

Voss ndiye mlanguzi mwenye zile bunduki.

"Amenunua mtu ndani ya kampuni ya huo mtandao. Wamemtambua Hemali kwa vitu anatafuta, wakampandikizia tokeo la kwanza. Ni yeye tu analiona. Zahanati, Kihoto, nyumba ya bluu."

"Iko?"

"Hakuna zahanati hapo, boss."

Makokha akakata kona kuelekea Kihoto.

Vichochoro vya Kihoto vilikuwa tope tupu tangu bomba kuu la maji lipasuke. Land Rover ikazama mpaka ekseli. Akaruka nje, akakimbia, tope magotini, bastola ya Ceska mkononi.

Hemali alikuwa mlangoni, mkono juu, tayari kubisha.

"Lala chini!" Makokha akapaza sauti.

Mlango ukafunguka. Risasi ya kwanza ilipita juu ya mgongo wa Hemali. Ya pili ilikuwa ya Makokha. Aliyefyatua, mlinzi wa Voss, akaanguka. Nyuma yake, Voss akaangusha bastola, akainua mikono.

Hemali hakumtazama hata.

"Insulini iko?"

"Haikuwahi kuwepo, mama."

Akaketi topeni. Hakulia. "Basi Mansi anakufa."

Makokha akapiga simu. "Sandeep, toa hilo tokeo la uongo. Halafu tafuta kama Hemali, kwa akaunti yake. Nini inafuata?"

Vidole vikagonga kibodi.

"Zahanati ya masista, karibu na stesheni. Wameandika mlango wa nyuma uko wazi."

"Piga uhakikishe."

Hemali alikuwa amemshika Makokha mguu wa suruali, haachi.

"Wanayo, boss."

Wakaondoka na Pajero ya Voss, mwenyewe amelala nyuma na pingu.

Kabla jua halijatua, akiwa ameshadungwa insulini, Mansi alifungua macho, akamwita mamake.

Sandeep akapiga tena. "Nifanye nini na kumbukumbu za Hemali mtandaoni?"

"Futa."

"Nikifuta, mtandao hautamjua tena. Ataanza kama mgeni kabisa."

"Hivyo ndivyo nataka. Mtu asimfuate tena kwa hizo."

Makokha akazima simu, akakung'uta tope viatuni, akashika njia kwa miguu kuifuata Land Rover iliyozama Kihoto.