Vitufe vya Baba Mkwe

Kila siku saa mbili asubuhi baba mkwe aliketi mbele ya kompyuta yake. Chumba chake cha kazi kilikuwa kidogo, kati ya sebule na jiko. Kilikuwa na meza pana, kiti chenye mto, na bomba refu la plastiki la kuwekea ramani zilizokunjwa. Alichora ramani za nyumba. Mtaa mzima ulimwita Rula, kwa kazi yake na kwa umbo lake. Alikuwa mrefu, mwembamba, na hakupinda hata akiwa amekaa.

Miaka mitatu iliyopita Rula alipata kiharusi. Mguu ulipona. Mkono wa kulia haukupona sawasawa, ukabaki unatetemeka. Akajifunza kutumia wa kushoto. Lakini alama ndogo ndogo za kwenye kioo zilimshinda kuzilenga.

Basi yeye na mkewe wakajitengenezea vitufe vyao ndani ya programu ya kuchorea. Vitufe vikubwa, kila kimoja na picha yake. Ukibonyeza kimoja, unapata mlango. Ukibonyeza kingine, dirisha. Kingine choo, kingine ngazi. Kazi hiyo iliwachukua miezi mingi, mume akisema, mke akiandika.

"Nimesema ngazi, wewe umeweka dirisha!"

"Sema vizuri basi! Unamung'unya kama una kiazi cha moto mdomoni."

Mkwe wao hakuwapo siku hizo. Aliolewa na kijana wao mwaka jana tu, na sasa mumewe alikuwa safarini kikazi. Yeye alibaki na wakwe zake. Zamani alifanya kazi kwenye duka la kuchapa barua, kwa hiyo kompyuta hazikumtisha. Aliyemtisha ni baba mkwe. Si kwamba alikuwa mkali. Alimwonea haya tu, kiasi kwamba hata chai alimwekea mezani akatoka mbio.

Jumatatu wazee walikwenda kliniki. Mkwe akaingia kufuta vumbi chumbani. Alipofuta kipanya, kompyuta iliyokuwa imelala ikawaka. Ujumbe ukatokea: toleo jipya la programu ya kuchorea liko tayari.

Alikumbuka jinsi baba alivyolalamika. "Programu hii inakwama kama punda!" Moyo wake ukachangamka. Leo nitamfurahisha, alijisemea.

Akaweka toleo jipya. La zamani akaliondoa. Kisha akaona folda moja imekaa peke yake kwenye kioo. Iliitwa Vidude. Ndani yake mlikuwa na vipicha vidogo asivyovielewa. Akaitupa kwenye pipa la taka la kompyuta. Kioo kikawa cheupe, safi, kama meza iliyofutwa. Hakumwambia mtu. Alitaka baba ajionee mwenyewe.

Jumanne asubuhi alisimama jikoni, masikio yote chumbani. Alingoja asikie, "Aa, nani kanifanyia hivi?" Hakusikia kitu. Hata mlio wa kipanya hakuusikia. Baada ya nusu saa baba alitoka.

"Leo nimechoka," alisema, akaenda kulala.

Jumatano ikawa vilevile. Saa nne mkunga wa mtaa wa pili akapiga simu. Rula alikuwa anamchorea ramani ya kliniki ya vyumba viwili. Sauti ya mkunga ilisikika hadi jikoni. "Mzee wangu, usinisahau. Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka ramani ofisi ya vibali. Ikipita, nakaa miezi mitatu bila kujenga. Na kina mama wananizalia sebuleni!"

"Sijakusahau," Rula alijibu. Lakini alilisema neno hilo polepole mno.

Mchana, mkwe akiosha vyombo, alimsikia baba mkwe sebuleni akizungumza na mama mkwe.

"Mke wangu, daktari alisema nini kuhusu kusahau?"

"Alisema kunaweza kutokea. Kwani vipi?"

"Nakaa pale, vitufe vyangu sivioni. Natafuta huku, natafuta kule. Kioo chenyewe kama si changu." Akajigusa kipaji cha uso. "Nadhani kichwa kimeanza kuniacha. Mwambie mkunga atafute mchoraji mwingine."

Mama mkwe akavuta kamasi.

Sufuria ilimponyoka mkwe mkononi. Alielewa yote mara moja. Hakuweza kuingia mle sebuleni. Akapitia mlango wa nyuma, mikono bado ina povu, akaenda kwa jirani.

Jirani huyo aliitwa Mama Madirisha. Alichora mageti na nondo za madirisha kwenye karakana ya kuchomelea vyuma, na alitumia programu ileile. Alikuwa nyumbani kwa chakula cha mchana.

"Bibi harusi, una nini? Nani kakukimbiza?"

Mkwe akamweleza, machozi yakimchuruzika. Mama Madirisha alisikiliza hadi mwisho, akaweka sahani pembeni.

"Vitufe huenda vikapatikana. Lakini kwanza kamwambie mzee."

"Tuvitafute kwanza, nimwambie vikishapatikana."

"Hapana, mwanangu. Vitufe vinaweza kungoja. Mtu anayedhani akili zinamtoka hawezi kungoja. Twende, nitasimama nyuma yako. Ukitaka kukimbia utanigonga, na mimi si mwembamba."

Wakaenda. Mkwe akasimama mlangoni pa sebule, akapiga moyo konde.

"Baba, si kichwa chako. Ni mimi."

Rula akainua uso. "Rudia."

"Ni mimi niliyeweka toleo jipya. La zamani nililiondoa. Vitufe vyako vilikuwepo, baba. Mimi ndiye niliyevipoteza. Nisamehe."

Rula akaanza kucheka. Alicheka hadi mkono wake wa kulia ukacheza wenyewe juu ya goti, na machozi yakamtoka. "Kwa hiyo mimi mzima?"

"Mzima?" mama mkwe akasema. "Nimelia hapa nikidhani nakuwa mjane wa mtu aliye hai, kumbe vitufe!" Naye akacheka, ingawa macho yalikuwa mekundu.

"Keti hapa, mwanangu," Rula alimwambia mkwe. "Ulitaka kunitendea wema. Ila siku nyingine, niulize. Mimi si simba."

Mama Madirisha akachukua kalamu na karatasi. "Sasa, Rula. Kabla hatujagusa kitu, niambie vitufe vyako vilikuwa vipi. Vyote, kwa mpangilio."

Rula akafumba macho. "Mstari wa juu: ukuta mnene, ukuta mwembamba, mlango wa kulia, mlango wa kushoto, dirisha kubwa, dirisha la choo..." Aliendelea bila kukwama, mstari hadi mstari. Vikafika ishirini na vitatu. Mama Madirisha akaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

Wote wakaingia chumba cha kazi. Mkwe akashika kipanya, jirani akawa anaelekeza.

"Sikilizeni. Vitufe na menyu mlizojitengenezea hukaa kwenye faili lake. Toleo jipya huja na faili lake, halilijui la kwenu. Ndiyo maana mzee aliona kioo cha mgeni."

"Lakini la zamani nimeliondoa," mkwe alisema.

"Umeondoa programu. Mara nyingi faili la mtumiaji hubaki kwenye folda iliyofichwa. Lakini usitegemee hivyo kila siku. Leo ni bahati tu, kama ipo."

Wakafungua folda zilizofichwa. Wakaona moja yenye namba ya toleo la zamani. Ndani yake, faili la menyu lilikuwepo. Mkwe akashusha pumzi.

"Kwanza chukua nakala yake, weka kwenye flashi."

Mkwe akaweka. "Sasa nilibandike juu ya lile jipya?"

"Thubutu! Ukifanya hivyo, utafuta menyu za toleo jipya, na programu inaweza kugoma. La zamani tunaliongeza pembeni ya jipya. Yote mawili yanakaa pamoja, kama mke na wifi."

"Basi yatagombana," mama mkwe akasema.

Mkwe akafungua sehemu ya kurekebisha menyu, akaliongeza faili la zamani. Vitufe vikajipanga kwenye kioo. Rula akasogea mbele, kisha akarudi nyuma. Vyote vilikuwa vya kijivu, kila kimoja na alama ya kuuliza. Hapakuwa na picha hata moja.

"Picha hukaa mbali na faili la menyu," Mama Madirisha alieleza. "Kwenye folda yake. Mliiweka wapi?"

"Hapa hapa kwenye kioo," mama mkwe alijibu. "Folda ya Vidude."

Mkwe akaachia kipanya. "Niliitupa kwenye pipa la taka."

"Pipa umelimwaga?"

"Bado."

"Basi fungua, mwanangu, unatutoa roho!"

Folda ilikuwepo. Wakairudisha, wakaihamishia kwenye folda ya kazi, mahali ambapo hakuna atakayeifagia. Nakala yake wakaiweka kwenye flashi. Kisha wakaionyesha programu njia ya kuifikia, wakaizima, wakaiwasha tena.

Milango, madirisha na ngazi vikatokea vimejaa rangi.

Mama Madirisha akatoa karatasi mfukoni. Akasoma kitufe kimoja kimoja, mkwe akifuata kwa kidole kwenye kioo. Havikupishana hata mahali pamoja. Lakini mwishoni kidole kikabaki juu ya kitufe chekundu.

"Baba, hapa viko ishirini na vinne. Hiki hukukitaja."

Rula akamtazama mkewe kwa jicho la pembeni.

"Hicho si changu. Ni cha mama yenu. Ni cha kuhifadhi kazi. Alikiweka yeye ili anisumbue."

"Na ukibonyeze!" mke akasema, na kicheko kikapasuka.

Alhamisi nzima mlio wa kipanya ulisikika hadi jikoni. Ijumaa saa tatu mkunga aliondoka na ramani yake kwapani.

Toleo jingine lilipokuja mwaka uliofuata, mkwe alimwita baba kwanza. Walichukua nakala ya faili la menyu na folda ya picha. Waliweka toleo jipya bila kugusa la zamani. Walijaribu kila kitufe kwa zamu. Siku ya tatu, kila kitu kilipokwenda sawa, ndipo la zamani likaondoka. Flashi ikatundikwa kwenye msumari ukutani, karibu na bomba la ramani.

Siku hizo vitufe vilikuwa ishirini na vitano. Kipya kilikuwa na picha ya ufagio. Kazi yake ni kufuta mistari isiyotakiwa kwenye ramani. Ukikibonyeza hakifuti mara moja. Maneno hutokea kwanza, aliyoyaandika Rula mwenyewe kwa mkono wa kushoto:

"Umemuuliza baba?"