Habari za Mama

Asubuhi nyumbani kwao ilianza na tumbo. Kabla chai haijachemka, Kitinda alikuwa amejikunja kitandani akisema tumbo linamkata. Dada yake, aliyekwisha kuvaa sare na kuteka maji, alijua kinachofuata: kumbembeleza, kumvisha soksi kama mtoto mchanga, kumfuta jasho la viganja, kisha kumvuta polepole hadi mlangoni. Kitinda alikuwa na miaka tisa, na kusoma alisoma vizuri kuliko wengi darasani kwake. Lakini ikifika saa ya kutoka, miguu ilimwisha nguvu.

"Mama atakuwa mzima tukirudi?"

"Atakuwa mzima."

"Utaenda kumwona?"

"Nitaenda. Si huwa naenda?"

Alikuwa anaenda kweli. Mama yao alikuwa dobi, akipiga pasi katika chumba kidogo nyuma ya soko, na mwaka uliopita alizimia kwa joto mbele ya Kitinda. Alimwagiwa maji, akainuka, akamalizia mashati yaliyobaki. Kwa Mama mambo yaliishia hapo. Kwa Kitinda ndiyo kwanza yalianza. Tangu siku ile aliamini kwamba akimpa mama yake kisogo tu, ataanguka na hatainuka. Darasani moyo ulimwenda mbio, pumzi ikambana, mikono ikatetemeka hata kalamu haishikiki.

Ndipo dada mtu akabuni dawa yake. Kila mapumziko kengele ikilia, huyoo, mpaka chumba cha pasi. Anachungulia dirishani, anamwona Mama yuko mezani, anarudi mbio kumpa mdogo wake habari: amevaa nini, anapiga pasi nguo gani. Kitinda akisikia, anatulia. Dada mtu, wanafunzi wenzake walimwita Kiguu na Njia, wakamtania kwamba akikua ataolewa na barabara. Kiguu alicheka nao, lakini sababu hakuwaambia. Mama alishasema mambo ya nyumbani hayatolewi nje.

Mama naye hakukaa bure. Alimpeleka Kitinda zahanati tena na tena, akapewa dawa za minyoo, akapimwa damu, akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Majirani walisema mtoto anadeka tu, achapwe ataacha. Mama hakuwa mtu wa fimbo, lakini alikuwa amechoka, na alianza kunyamaza kwa namna iliyowatisha wote wawili.

Kilichomchosha Kiguu zaidi si mbio zenyewe. Ni kwamba dawa yake ilikuwa inaisha nguvu. Zamani habari moja ilitosha; sasa Kitinda alitaka kujua kama Mama alicheka, kama alitoka jasho, kama macho yake yalikuwa mekundu. Baada ya mapumziko Kiguu alisinzia kila kipindi, mpaka mwalimu wa hesabu akamwuliza kama usiku anafanya kazi ya ulinzi.

Siku moja ya jua kali aliishiwa kabisa. Kengele ilipolia alikwenda nyuma ya jiko la shule, akakaa kivulini, akaegemea ukuta. Alijiambia atapumzika kidogo tu. Aliposhtuka, watoto walikuwa wameanza kurudi madarasani. Akanawa uso bombani, akamwendea mdogo wake.

"Mama hajambo. Anapiga pasi mashuka meupe. Amecheka hata."

Uongo ulimtoka laini, mwenyewe akashangaa.

Jioni walimkuta Mama amekaa kitandani, mkono wa kulia umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Pasi ilimteleza asubuhi, alisema, akashinda zahanati. Si jambo kubwa. Kitinda hakulia. Alimgeukia dada yake.

"Ulisema amecheka."



Tangu hapo Kitinda hakwenda shule. Kutwa alishika upindo wa gauni la Mama. Jikoni yuko naye, chooni anamsubiri mlangoni. Habari za dada yake hakuzitaka tena. Akiambiwa mvua inanyesha, anatoka kuhakikisha. Mama alifanya kazi kwa mkono mmoja, mtoto amemganda kiunoni, na mwenye chumba cha pasi akaanza kunung'unika. Kiguu alijiona yeye ndiye aliyemharibu mdogo wake, na wazo hilo lilimlemea kuliko ndoo yoyote aliyowahi kubeba.

Hatimaye alimfuata mwalimu wa darasa la Kitinda, mama mmoja mpole mwenye miwani, akiwa anasahihisha madaftari.

"Mwalimu, mdogo wangu haumwi tumbo. Anaogopa. Anaogopa sana, kila siku. Na mimi nimemdanganya."

Akaeleza yote. Mwalimu aliweka kalamu chini, wala hakumkatiza.

"Mbona mzigo mkubwa hivi umeubeba peke yako?" aliuliza. Kiguu akalia pale pale, bila kutaka.

Jioni hiyo mwalimu alifika nyumbani. Mama alimpa kiti, akasikiliza, kisha akakaza uso. "Mwanangu si kichaa, Mwalimu."

"Hakuna aliyesema kichaa, Mama Kitinda. Sote tunaogopa. Lakini hofu ikimzuia mtoto kula, kulala na kusoma, huo ni ugonjwa, na una wataalamu wake. Mkono wako ulipoungua uliupeleka kwa wanaojua. Uliona aibu?"

Mama alitazama bendeji yake. "Nilikuwa namwona huyu mkubwa akichungulia dirishani," alisema. "Kila siku. Nilijifanya simwoni. Nilijua nikimwona, itabidi nikubali kwamba mwenzake anaumwa."

Hospitali kubwa aliyowaelekeza mwalimu haikuwa karibu. Safari ya kwanza walisubiri kwenye benchi mpaka mchana, wakaambiwa mshauri wa watoto ana dharura, warudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata Mama aliamka, akawaambia vaeni, wakaenda tena.

Mshauri alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alimwuliza Kitinda, "Hofu ikija, inaanzia wapi mwilini?"

"Tumboni," alijibu Kiguu.

"Nimemwuliza mwenye tumbo."

Kiguu aliuma midomo asiseme. Mwishowe Kitinda akasema, kwa sauti ndogo, "Inaanzia kwenye vidole. Halafu inapanda."

Kiguu alishangaa. Miezi yote hiyo hakuwahi kumwuliza.

Mshauri aliwaeleza kwamba habari za kila mapumziko zilikuwa kama kukuna upele: unapata nafuu, kisha upele unawasha zaidi. Kitinda angefundishwa kutuliza pumzi, na kukaa mbali na mama yake kidogo kidogo, kwanza chumba cha pili, kisha kwa jirani, kisha darasani. Angekuja kliniki kwa miezi. Hayo yasipotosha, daktari angeangalia kama anahitaji dawa.

"Na mbio zako zikome," alimwambia Kiguu.

"Nisipokwenda, halafu Mama akaanguka?"

"Mwanangu, ukichungulia dirishani humzuii mtu kuanguka."

Kiguu aligundua kwamba hofu ile ilikuwa imemwingia yeye pia. Walipotoka, alimshika mdogo wake mkono. "Siku ile sikwenda. Nilichoka, nikakudanganya. Sitarudia. Nisipojua, nitasema sijui."

"Sawa," alisema Kitinda, ingawa alichukua muda kuamini.

Haikuwa kazi ya siku moja. Kulikuwa na wiki nzuri, na wiki ambazo Kitinda alifika lango la shule akarudi. Kuna wakati hofu ilimrudia kama mwanzo, na Mama akalia bafuni akidhani hawamsikii. Lakini waliendelea kwenda kliniki. Ikafika siku Kitinda akasimama mbele ya dada yake wakati wa mapumziko.

"Mama mzima?"

"Sijui," alisema Kiguu, na neno hilo lilimtoka kwa shida.

Kitinda alivuta pumzi, akaiachia taratibu, akarudi darasani. Mikono ilikuwa inatetemeka, lakini alirudi.

Jumamosi moja mchana Mama alikuwa akikunja nguo nyumbani, Kiguu akimsaidia.

"Nisikilize," Mama alisema. "Ulimpenda mdogo wako, hilo najua. Lakini mimi na wewe tulificha ugonjwa, na ugonjwa uliofichwa hautibiwi. Jambo likikuzidi, tafuta mtu mzima umwambie. Mmoja asiposikia, mwambie mwingine. Hata kama asiyesikia ni mimi."

"Nimesikia, Mama."

Muda si muda Kiguu alikuwa amelala juu ya mashuka, mdomo wazi. Chumvi ilikuwa imekwisha. Mama aliinama kumwamsha amtume dukani, Kitinda akamzuia.

"Mwache, Mama, amechoka. Nitaenda mimi."

Akavaa kandambili zake, akatoka. Mama alitamani sana kwenda dirishani kumtazama. Alibaki palepale, akaendelea kukunja nguo.