Mistari Sita Katika Jicho la Kando

Sogeeni. Wewe wa mlangoni, ingia au toka, usinikalie hapo kama pazia. Zimeni hiyo redio, na anayetafuna ameze. Hii siisemi kwa sauti kubwa, maana wengine waliohusika hawana miili, na masikio yao ni mazuri kuliko yenu.

Palikuwa na mama mmoja, fundi wa bunduki. Walimwita Mama Tupa, kwa sababu tupa yake ya kusugulia chuma aliichomeka kwenye kilemba, na ukimwamkia vibaya aliichomoa. Kila mwaka alikagua bunduki za askari wa msitu, aseme ipi bado nzima na ipi imekwisha.

Sasa sikilizeni, msije mkaniuliza katikati. Ndani ya mtutu wa bunduki kuna mistari iliyochongwa ikizunguka kama ya skrubu. Hiyo ndiyo inayoizungusha risasi iende moja kwa moja. Lakini kila risasi inapita na moto wake, na moto unaila ile mistari kidogo kidogo, ukianzia kule nyuma baruti inakowaka. Mistari ikilika yote, risasi inatoka inayumba kama mlevi na kutoboa karatasi kwa ubavu. Mama Tupa alikuwa na kijiti cha chuma chenye alama nyekundu. Kikizama mpaka kwenye ule wekundu, mtutu umekwisha. Mtutu mzima ulipigwa muhuri. Uliokwisha ulikatwa vipande viwili siku hiyohiyo.

Asubuhi moja aliletewa bunduki kumi na mbili. Sita hazikuwa na neno. Ya saba, kijiti kilizama mpaka kikapita wekundu. Akaielekeza dirishani, akachungulia. Ndani laini kama bomba la maji, hakuna hata mstari mmoja. Kule mwisho kulikuwa na kile kiduara cha mwanga.

Kikapepesa.

Mara moja tu, polepole, kama mtu aliyeamshwa.

Mama Tupa akaiweka mezani. Akasoma namba kwenye kitako. Ilikuwa ya mtoto wa kaka yake, aliyemlea tangu anatambaa. Wenzake walimwita Kando, maana risasi zake zote zilikwenda kando. Walisema Kando akifyatua, mahali salama pa kusimama ni mbele ya shabaha.

"Shangazi, hiyo usiipime kwa kijiti," Kando alisema kutoka mlangoni. "Twende uwanjani ukaone."

Wakaenda. Kando akalala kifudifudi, akapiga risasi tano kwa hatua mia mbili. Karatasi ikaletwa. Tundu moja, la mviringo safi. Zote tano zimepita hapohapo.

Mkuu wa askari alipiga makofi. "Mama Tupa, piga muhuri! Karatasi imeshasema. Keshokutwa huyu ndiye anaongoza doria."

"Karatasi imesema, lakini mtutu hauna mstari," alijibu. "Hizi risasi zimezungushwa na nani?"

"Mama, wewe nawe! Kijana amepata, unalia."

"Muhuri ni wangu. Mtaupata nikiridhika."

Akairudisha bunduki kwenye karakana yake. Mchana huohuo akaja mke wa Kando, mimba ya miezi saba, akafunga mlango nyuma yake.

"Shangazi," alinong'ona, "mume wangu ananitazama vibaya."

"Ana hasira?"

"Bora angekuwa na hasira. Ananitazama kama ananipimia umbali. Jana nimepita uani na ndoo, nikageuka, nikamkuta amefumba jicho la kushoto. Twende kwa mganga?"

"Mganga wa chuma ni nani, kama si mimi? Kaniletee huyo mumeo."

Kando akaja, akakalishwa dirishani, jua likimpiga usoni. Mama Tupa akamfunua kope ya jicho la kulia, akainama karibu kama anavyochungulia mitutu, na pumzi ya kijana ilimjia ikinuka baruti iliyoungua, naye tangu asubuhi hajafyatua tena, na ndani ya ule weusi wa jicho, pale ambapo mtu hujiona mdogo akimtazama mwenzake, hakujiona, aliona mistari sita, mipya, mikali, inayong'aa, ikizunguka kuingia ndani mpaka macho yake yakachoka kuifuata.

Mistari yote ya mtutu ilikuwa humo.

Nyuma yao, juu ya meza, bunduki ikavuta pumzi. Sauti ikatoka, kama mtu anayepuliza shingo ya chupa.

"Nipe muhuri. Nikae."

Mke wa Kando akashika ukuta. Mdomo wa Mama Tupa haukuwahi kutetemeka tangu azaliwe.

"Nani anayeniamrisha kwenye karakana yangu?"

"Mtutu ulilika, mimi nikampa mwanao shabaha. Hakosi tena. Umeumia wapi?"

"Na wewe unachukua nini?"

"Jicho hili. Halafu lile. Halafu nitamchagulia cha kulenga."

"Nitakukata kabla jua halijashuka."

Ikacheka. "Msumeno wako haunipati. Mwenye bunduki ameridhia, ni yeye tu anayeweza kunikata. Akinikata yeye, naondoka na jicho lake."

Mama Tupa akamgeukia Kando. Na hapo ndipo alipoogopa hasa, maana kijana alikuwa akilia.

"Shangazi, muache. Maisha yangu yote naitwa Kando. Jicho moja ni nini? Piga muhuri."

"Umesikia alivyosema kuhusu kulenga?"

"Nitamzuia."

"Utamzuia na macho gani?"

Mama Tupa akachomoa tupa kilembani, akaichomeka tena. Kisha akasema kama anayezungumza na mteja wa kila siku: "Haya. Mtu anaweza kulenga vizuri, mtutu ukasifiwa bure. Ndiyo maana mtutu ukinitia shaka naupima bila mtu. Beba jiliwa langu la kubania chuma, twende uwanjani."

Akaibana bunduki kwenye jiliwa, juu ya meza ya chuma, ikielekea karatasi. Akafunga kamba kwenye kifyatulio. Akamfunga Kando kitambaa machoni, akamgeuza. "Na sisi tunageuka. Asitazame mtu. Huyu anaiba macho. Leo apige kwa yake."

Bunduki ikaanza kuomba. Kwanza kwa upole, kisha kwa sauti ya marehemu baba yake Kando, ikimwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna aliyelijua zaidi ya watu wa nyumba ile, kisha kwa sauti ya mkewe, ikilia, nimeumia, mume wangu, nimeanguka, mtoto anatoka, geuka, geuka hata mara moja, na shingo ya Kando ikaanza kugeuka yenyewe taratibu, mpaka mkewe akamkamata kidevu kwa mikono miwili.

"Mimi niko hapa," alimwambia. "Huyo wa nyuma simjui."

Mama Tupa akavuta kamba. Akatia risasi kwa kupapasa, akavuta tena, mpaka tano.

Wakaenda kutazama. Risasi tatu hazikugusa hata ubao. Mbili zilipita pembeni kabisa ya karatasi, kwa ubavu, zikaacha matundu marefu kama tundu la ufunguo.

"Ndiyo shabaha yake hiyo," Mama Tupa alisema. "Asubuhi ulipiga kwa jicho lako mwenyewe. Yeye ni bomba tu."

Kando alitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, wakadhani analia tena. Alikuwa anacheka.

"Jini zima! Yaani hata mimi nakosa vizuri kuliko huyu? Lete msumeno."

"Jicho!" bunduki ilipiga kelele. "Nitaondoka nalo!"

"Beba uende! Utakachokiona nalo, ukikose!"

Akakata. Kila msumeno ulipokwenda na kurudi alipiga ukelele, na machozi ya jicho la kulia yalimtoka meusi, na harufu ya baruti ikawa nzito hata ndege wakahama uwanja, lakini mkono haukusimama. Mtutu ulipoachana, upepo wa moto ulitoka kwenye vipande vyote viwili, ukaangusha ubao wa shabaha, ukaenda zake.

Jicho la kulia likawa jeupe kama chokaa. Doria aliongoza mwingine. Kando alijifunza kwa jicho la kushoto, akafika saba kwa kumi. Wakimcheka anawajibu, "Saba, lakini zangu."

Mama Tupa alikufa mzee, kitandani kwake, akiwa amegombana na daktari. Jiliwa na meza alimwachia Kando. Nyumba alimwachia mke wa Kando, na ndugu walionung'unika walirithi manung'uniko yao. Mkuu wa askari alitaka muhuri, akapewa kilemba. Kazi yenyewe ilikwenda kwa binti yao, yule aliyekuwa tumboni siku ile. Ukimpelekea bunduki pamoja na karatasi yenye tundu moja zuri, karatasi anaifunika bila kuitazama.

"Mtutu kwanza," anasema.