Maneno Yaliyokwama Ndani ya Kompyuta

Kila asubuhi, kabla ya kengele, mimi Kananu hufungua chumba cha kompyuta cha shule yetu, karibu na Githongo, na kuondoa vitambaa vya kufuma vinavyofunika mashine. Siku hiyo ukungu ulikuwa umejaa hadi dirishani, hata mibuni ya shamba la jirani haikuonekana. Mimi na Mukiri tulikuwa tumechaguliwa kwenda kwenye mashindano ya kompyuta mjini Embu.

Niliwasha mashine namba saba, nikaandika mistari michache kwenye skrini nyeusi. Kisha nikabonyeza Ctrl na S ili kuhifadhi kazi, kama nilivyozoea katika saiba ya mjomba, duka lake la intaneti kule Kanyakine. Kila kitu kikaganda! Nikabonyeza A. Nikabonyeza Z. Wapi! Nilihisi kuna mtu ndani ya kioo kile, ananitazama tu.

Mwalimu Mwaniki alipoingia pamoja na Mukiri na kuuliza kilichotokea, uoga ukanishinda.

"Jana Mukiri alikunywa uji hapa, Mwalimu."

"Haki sikumwaga!" Mukiri akalia.

"Nitaikagua wakati wa mapumziko," Mwalimu akasema. "Ikiwa ni uji, Mukiri, Embu huendi."

Kengele ya mapumziko ilipolia, nilikimbia nikafika wa kwanza. Mashine ilikuwa ikivuma polepole, peke yake. Sijui nilisukumwa na nini. Nikaandika: Ni mimi. Mukiri hakumwaga kitu. Naogopa. Skrini haikuonyesha hata nukta. Nikashusha pumzi, maana hakuna ambaye angeyasoma.

Mwalimu akaja na Mukiri. Alichomoa kibodi, akaichomeka kwenye mashine namba nane. Ikaandika vizuri.

"Kibodi ni nzima, haina uji," akasema, akairudisha mahali pake. "Kananu, mara ya mwisho ulibonyeza nini?"

"Sikumbuki, Mwalimu."

Alinitazama, kisha akabonyeza Ctrl na Q.

Jamani! Herufi zilitokea zenyewe, wala hakuna kidole kilichozigusa. A. Z. Halafu: Ni mimi. Mukiri alisoma kwa sauti, polepole, hadi neno la mwisho. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Kwenye skrini hii Ctrl na S huzuia maandishi yasionekane," Mwalimu akaeleza. "Q huyaachilia. Yote uliyoandika yalikuwa yanangoja. Hukuharibu chochote, Kananu. Sasa mwambie mwenzako kwa mdomo."

"Nilikusingizia, Mukiri," nikasema, machozi yakinitoka. "Nisamehe."

Mukiri aliangalia miguu yake.

"Mama ameshaninunulia viatu vya Embu," akasema. "Leo ningemwambia nini?"

Mwalimu aliniwekea mkono begani.

"Kubonyeza vibaya si dhambi, nami ningekusaidia mara moja. Lakini ulipoogopa, ulimtwika mtu asiye na kosa. Mtaenda Embu wote wawili. Ila jioni hii utaenda kwao Mukiri, umweleze mama yake wewe mwenyewe ulivyomsingizia mwanawe."