Utamu wa Chuo cha Tunu

Mzee Mabula alikuwa ameketi kwenye kionjamaisha, viatu kavua, mdomo wazi, akicheka kama mtoto anayetekenywa mbavu. Mtu wa miaka sabini na kitu, asiyejua hata ini liko upande gani wa tumbo lake, alikuwa akionja raha ya kuwa mwanafunzi wa udaktari. Nyuma yake ukoo mzima ulipanga foleni sebuleni, ukimtazama kwa jicho la watu wanaosubiri pilau.

Kionjamaisha kilikuwa kiti cheupe chenye kofia ya nyuzi laini. Kazi yake ilikuwa kumwonjesha mtu maisha ambayo bado hajayaishi. Ukikaa, nyuzi hukushika utosini, na kwa dakika chache unahisi siku za watu waliokutangulia mahali fulani. Si picha wala sauti tu, bali hisia yenyewe, vile ilivyomkaa aliyeihisi kwanza. Katika Mwanza ya zama hizo hakuna aliyekubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Watu walionja nyumba, walionja ndoa, na wapo walioonja dini wakaona inawachosha.

Aliyehusika hasa na kiti hicho alikuwa Milembe, binti wa marehemu mdogo wake Mzee Mabula. Alikuwa amechaguliwa na vyuo viwili vya tiba, na alitakiwa kujibu kimoja kabla ya juma kwisha. Lakini ukoo huu haukujua kufanya jambo bila kamati. Walikuwa na kamati za harusi, kamati za misiba, na mwaka mmoja waliunda kamati ya kununua jiko. Sasa iliundwa kamati ya chuo, Mzee Mabula akiwa mwenyekiti, na kamati ikaamua kwamba anayechanga ana haki ya kuonja. Kwa hiyo walionja mashangazi, wakaonja mashemeji, akaonja na jirani aliyekuja kuazima ngazi. Mwanafunzi mwenyewe aliwekwa mwisho wa foleni.

Yafaa kueleza udaktari ulikuwa nini wakati huo. Magonjwa yaligunduliwa na mashine, upasuaji ulifanywa na mashine, dawa zilipimwa na mashine. Sheria ilimwachia binadamu kazi moja: kukaa kando ya kitanda, kumwambia mgonjwa ukweli, kisha kubaki naye. Hiyo ndiyo iliyoitwa udaktari, na ilisomewa miaka saba.

Chuo cha kwanza, Mkwajuni, walikwisha kukionja wiki iliyotangulia. Ada yake ilitisha, na kionjamaisha chake kikuukuu kiliwapa usingizi wa kukatika, ugali wa baridi, makaripio ya walimu, na kilio cha kujificha chooni baada ya mgonjwa wa kwanza kufa. Baada ya hapo kulikuwa na kuketi ngazini na wenzako, mkila karanga bila kusema lolote, na raha ndogo iliyotulia. Kamati ilitoka pale imenuna. Milembe alitoka macho mekundu, akasema anapapenda. Wakamwona hana akili.

Chuo cha pili, Tunu, kilikuwa bure. Tena wakala wake, kijana mtanashati aitwaye Prosper, alikuja na kiti mpaka nyumbani na hakutoza hata nauli. Mzee Mabula alipovuliwa kofia alitangaza kwamba katika maisha yake yote, harusi zake mbili zikiwemo, hajawahi kufurahi namna ile. Kamati ikapiga makofi. Ilikuwa imeonja na kushiba, na kufikiri hakukuwa katika ajenda.

Ndipo Milembe akaketi.

Kweli kulikuwa kutamu. Vicheko vya bwenini vilimjaa kifuani, ikaja furaha ya mtihani uliofaulu, ikaja mvua iliyowakuta uwanjani wakakataa kukimbia. Kisha simu ikalia, na sauti ya mtoto ikasema, "Kaka, leo nimemchoma kuku sindano ya maji na hajafa." Kifua alichoazimwa kikapasuka kwa kicheko kikubwa, kicheko cha kukwama katikati na kuanza upya.

Milembe alivua kofia kwa mikono yake. Sauti ile ilikuwa yake mwenyewe, akiwa na miaka tisa. Na kicheko kile alikifahamu, ingawa hakuwa amekisikia kwa miaka mingi. Kilikuwa cha kaka yake Luhende, daktari wa kwanza wa ukoo, mhitimu wa Tunu, aliyekuwa ameketi pale pale karibu na dirisha akitafuna nyama kwa utaratibu.

Alimuuliza Prosper hisia hizi hupatikana wapi. Prosper alieleza kwa fahari, maana ndilo somo alilolikariri vizuri zaidi. Mwanafunzi wa Tunu huwekewa uzi nyuma ya sikio uitwao kinasaraha. Furaha ikichipuka tu, uzi huinasa kabla haijatua moyoni, na chuo huiuza kwa wenye vionjamaisha, kwenye hoteli, kwenye meli za mwezini, kwa matajiri wanaougua uchovu wa utajiri. Ada hulipwa hivyo.

"Na mwenyewe anabaki na nini?" Milembe aliuliza.

"Anabaki na kumbukumbu ya tukio, dada. Utamu wake ndiyo ada."

"Akishahitimu?"

Prosper alirekebisha tai. Alisema kwamba baada ya miaka saba mwili huzoea, kwa hiyo huacha kujisumbua kutengeneza furaha. Wengine hurudiwa kidogo kidogo, utafiti unaendelea.

Milembe alimgeukia kaka yake. "Kaka, unamkumbuka yule kuku?"

"Namkumbuka. Alikuwa mweupe. Ulinipigia simu Alhamisi."

"Ulicheka sana."

"Inawezekana," alisema Luhende. "Ni jambo la kuchekesha."

Ukoo ulikuwa umemwona Luhende akirudi hivi, na haukushtuka. Ulisema udaktari umemkomaza. Ulimsifu kwa upole, kwa kutopandisha sauti, kwa kula chochote alichoandaliwa bila kuomba chumvi. Waliletewa ganda, wakalivalisha tai, wakalipigia vigelegele. Mzee Mabula sasa aliuliza tatizo liko wapi, kwani daktari si daktari? Akamtaka Luhende, kama mtaalamu, amshauri mdogo wake.

Luhende alifuta vidole. Alimpenda dada yake, au alikumbuka kwamba anampenda, na alisema alichokiamini. "Njoo Tunu, Milembe. Hakuumi. Mgonjwa akifa, nanawa mikono nakwenda kula."

Kamati ilitikisa vichwa kwa heshima kubwa. Hivyo ndivyo mtu anavyotakiwa kuwa, mmoja alisema.

Mama yao, ambaye kutwa nzima hakuna aliyemuuliza kitu isipokuwa vijiko viko wapi, aliinuka akaenda kwenye kiti. Prosper alimkumbusha kwa adabu kwamba zamu yake imepita.

"Niweke pale alipocheka mwanangu," alisema.

Hakumpandishia sauti, lakini Prosper alimweka. Na kutoka kinywani mwa mama yule kikatoka kicheko cha Luhende, kile kile cha kukwama na kuanza upya, huku machozi yakimtiririka mpaka shingoni. Watu walitazama pembeni. Luhende alimsogelea, akamshika kifundo cha mkono, akahesabu. "Mapigo yako juu, mama," alisema.

Mama alivua kofia mwenyewe. Aliuliza kama kicheko kile kinauzwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyemzaa mwenye kicheko hicho. Prosper alisikitika kumwambia kwamba hakiuzwi, ila hukodishwa, na wazazi wana punguzo.

Hapo mama aliigeukia kamati. "Milembe anakwenda Mkwajuni. Nitauza shamba la baba yao."

Mzee Mabula alisimama kama aliyekalia moto. Shamba lile lilikuwa la ukoo, haliwezi kuuzwa kwa ajili ya mtoto kwenda kulia chooni, mila zipo, na wazee watasema nini.

"Shemeji," mama alisema, "mtoto mlikuwa mmekwisha kumuuza tangu asubuhi. Hakuna aliyeniambia habari za mila."

Prosper alianza kukunja nyuzi zake. Mzee Mabula, alipoona hana pa kushika, alikimbilia kwa Luhende. Shamba haliuzwi bila idhini ya mrithi wa kiume, alisema, na mrithi huyo hapa, mtu mzima, msomi. Luhende alizaliwa kwenye shamba lile. Alimzika baba yake humo. Je, anakubali liuzwe?

"Sina pingamizi," alisema Luhende.

Milembe alikuwa amepata chuo chake. Alitaka kumshukuru kaka yake, akamtazama usoni, akakosa wa kumshukuru. Mama naye alikuwa akitazama uso ule ule, akingoja hata kidole kitetemeke, kwa ajili ya baba, au kaburi, au chochote. Alipoona hakuna, aliketi sakafuni akalia kwa sauti mbele ya kamati nzima.

Luhende alikwenda jikoni, akarudi na glasi ya maji, akampa mama yake kwa mikono miwili. Tunu walifundishwa hivyo: anayelia hupewa maji.